Seva Ikikataa Kuamka, Daftari Bado Limo Ndani

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye biashara, mawakala wa forodha na wahudumu wa ofisi wa Busia na Malaba



Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la wengi halina jalada wala kurasa. Limo ndani ya sanduku la chuma chini ya meza, lenye taa mbili tatu za kijani na feni inayovuma. Hakuna anayeliwaza sanduku hilo mpaka asubuhi moja linapowashwa, likaandika mistari michache ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi, kisha likanyamaza.

Mazungumzo haya yanahusu asubuhi hiyo. Neno lake kuu ni hili: mara nyingi, mashine ikikataa kuamka, data bado ipo. Kinachoipoteza ni yale yanayofanywa katika saa moja inayofuata, mtu akiwa na haraka na simu za wateja zikilia.

Hapa mpakani haraka hiyo inaeleweka. Tangu Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki lianze kutekelezwa mwaka 2014, kazi nyingi ya ushuru hufanywa kwa mtandao kabla lori halijafika. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na Malaba nako utaratibu ni huo huo: lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Tamko la forodha hukaa katika mfumo wa serikali. Lakini ankara, orodha za mizigo, hesabu za malipo na barua za wateja hukaa katika mashine ya wakala mwenyewe. Mashine hiyo ikilala, lori nalo linalala, na dereva anahesabu siku.

Tena kuna sheria. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Hili linamgusa mwenye duka la vifaa vya ujenzi sawasawa na wakala mkubwa.

Kadi ya RAID inafanya nini

Ofisi yenye data nyingi haitegemei diski moja. Huunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mpango huo huitwa RAID, jina lililotokana na kazi ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliouchapisha mwaka 1988. Walionyesha kwamba diski ndogo za bei nafuu zikiungwa pamoja zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali, mradi kuwe na njia ya kuokoa data moja ikifa.

Ipo mipango kadhaa. RAID 1 ni kama kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni: kinachoandikwa juu kinatokea pia chini. Diski mbili, maandishi yale yale. Moja ikifa, nyingine inaendelea.

RAID 5 hutaka diski tatu au zaidi, na hufanya kazi kama jumla ya hesabu. Karani akiandika 7 kwenye daftari la kwanza, 5 kwenye la pili, na jumla yao 12 kwenye la tatu, daftari lolote moja likipotea, mawili yaliyobaki yanatosha kulirudisha. Yakipotea mawili, hesabu haiwezekani tena. RAID 6 huvumilia kufa kwa diski mbili. RAID 0 haina ulinzi wowote: hugawa data katika diski zote ili kupata kasi, na diski moja ikifa yote yamekwenda. Kwa hiyo anayenunua seva iliyotumika aulize kwanza imewekwa mpango gani. Neno RAID kwenye tangazo la muuzaji halitoshi.

Kadi ya RAID ndiye karani anayegawa kazi hiyo. Ina akili yake, kumbukumbu yake na mara nyingi betri yake. Mashine inapowashwa, kadi huamka kwanza, hukagua diski zake, kisha huukabidhi mfumo endeshi kitu kimoja kinachoonekana kama diski moja. Ugonjwa unaweza kuwa kwenye diski, kwenye kadi, kwenye nyaya, au kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, na mara nyingi dalili ni ile ile moja: skrini nyeusi na ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia.

Kukagua kutoka nje kwenda ndani

Kwa mfano, ofisi moja ya wakala pale Malaba ina seva yenye diski nne katika RAID 5. Usiku kulikuwa na mvua ya radi, umeme ukakatika na kurudi mara tatu. Asubuhi mashine inawaka lakini haifiki kwenye Windows. Ikaguliwe kwa mpangilio huu.

Kwanza, picha. Kabla ya kugusa chochote, ujumbe ulio kwenye skrini upigwe picha kwa simu. Baada ya kuzima na kuwasha mara nne, hakuna anayekumbuka ujumbe wa kwanza ulisema nini, na huo ndio ulio na maana kuliko yote.

Pili, vilivyochomekwa nje. Flashi iliyosahaulika kwenye tundu la USB inaweza kuifanya mashine ijaribu kuamka kutoka humo na kushindwa. Ichomolewe pamoja na diski yoyote ya nje. Kasoro hii ni ndogo na ya aibu, ndiyo maana hakuna anayeifikiria.

Tatu, saa. Mtu aingie kwenye mipangilio ya mashine aangalie tarehe. Ikiwa inaonyesha mwaka uliopita zamani, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu imekufa. Betri hiyo, aghalabu aina ya CR2032 ya volti 3, ndiyo hutunza saa, na katika mashine nyingi hutunza mipangilio pia. Ikifa, umeme ukikatika mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Mpangilio wa diski ipi ianze hubadilika. Mashine zinazotumia RAID ya ubao mkuu, bila kadi, hujikuta zimerudi kwenye AHCI, na diski zilizokuwa kitu kimoja zinaonekana kila moja kivyake. Data haijaguswa. Betri mpya ya bei ya chini na mipangilio ile ya awali huweza kuirudisha ofisi kazini. Lakini asiyejua hili akiona diski nne "tupu" ataambiwa aweke Windows upya, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Nne, nyaya na kadi. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, kisha kila diski ipewe namba kwa kalamu ya rangi kulingana na tundu lake, na picha ipigwe. Baadaye kebo zikaguliwe, na kadi itolewe na kurudishwa vizuri kwenye nafasi yake. Vumbi la barabara ya malori huingia kila mahali. Joto nalo ni adui: kadi hizi zimetengenezwa kwa seva zenye upepo mwingi wa feni, na zikifungiwa kwenye kabati hupata moto hata zikapotea kwenye mashine kana kwamba hazipo.

Tano, skrini ya kadi yenyewe. Wakati wa kuwaka, kadi nyingi huonyesha kitufe cha kuingilia. Nyingi za PERC za Dell, kwa mfano, zimetumia Ctrl na R. Humo mtu aingie kusoma tu. Hapa ndipo ukweli ulipo: diski zipi zinaonekana, ipi imetoka, na kundi lina hali gani.

Maneno manne ya skrini

Kwenye skrini hiyo kuna maneno ya Kiingereza ambayo kila mwenye seva anapaswa kuyajua, hata kama kazi yenyewe atamwachia fundi.

"Degraded" maana yake diski moja imetoka lakini data ingali kamili. Kundi linaendelea kufanya kazi kwa mguu mmoja. Kadi nyingi hupiga kelele ya mlio hali ikiwa hivi. Kosa linalofanywa ofisi nyingi ni kuizima kelele na kuendelea na kazi miezi mingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta: diski ya pili ikitoka, hakuna tena cha kujumlisha.

"Foreign" maana yake kadi imeona diski zenye kumbukumbu ya kundi ambalo haikulitambua kuwa lake. Hutokea baada ya kubadilisha kadi, kuhamisha diski, au umeme kukatika vibaya. Kadi itatoa njia mbili: kulipokea kundi hilo, yaani "Import", au kulifuta, yaani "Clear". Kulipokea hurudisha kundi lilivyokuwa, lakini kwanza ihakikishwe kuwa diski zote zipo na zinaonekana. Kufuta huondoa kumbukumbu ya jinsi diski zilivyopangwa. Asiye na hakika asichague lolote.

"Rebuild" ni kujaza diski mpya kwa hesabu kutoka zile zilizobaki. Ni jambo jema, mradi diski inayojazwa iwe ndiyo mpya. Katika RAID 1, fundi akichanganya pande, ataiandika diski tupu juu ya ile yenye data, na mashine itafanya kazi hiyo kwa utiifu mpaka mwisho.

"Initialize" ni kuanza upya. Kwa kundi lenye data, neno hili ni kama kiberiti kwenye ghala la pamba. Vivyo hivyo Windows inapouliza kama diski ifomatiwe ili itumike: jibu ni hapana.

Diski iliyotoka zamani

Liko jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulikosea. Tuseme katika ile ofisi ya Malaba diski ya pili ilitoka mwezi Machi na hakuna aliyejali, kisha diski ya nne ikatoka usiku wa radi mwezi Juni. Sasa kundi limekufa, na fundi anataka kulilazimisha liamke kwa kurudisha moja kati ya hizo mbili. Ipi?

Diski ya Machi huenda ndiyo inayoonekana nzima, lakini ndani yake mna habari za Machi. Ikilazimishwa kurudi, hesabu zake hazitalingana na zile za diski ambazo zimeendelea kuandikwa hadi Juni. Mashine inaweza hata kuamka, lakini mafaili yatakuwa yameharibika, tena kimyakimya, na ukaguzi wa mfumo utaongeza uharibifu kwa nia njema ya kurekebisha. Diski ya kurudishwa ni ile iliyotoka mwisho. Kadi huweka kumbukumbu ya matukio yenye tarehe. Isomwe kabla ya uamuzi. Na kabla ya kulazimisha chochote, kila diski inakiliwe kwanza yote kwenye diski nyingine, ili jaribio likiharibika pawe na pa kurudia.

Diski ikitoa mlio wa kugonga kama saa mbovu, izimwe papo hapo. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na sahani nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kila kuwasha tena ni kukwangua. Isifunguliwe mezani, isitiwe kwenye friji, isibebwe kwenye boda boda bila kufungwa vizuri ndani ya kitu laini. Kazi hiyo ni ya maabara.

Kubadilisha diski na kadi

Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Ikipungukiwa hata kidogo, kadi itaikataa. Ibadilishwe moja kwa wakati, na namba za matundu zihakikishwe mara mbili, maana kuchomoa diski nzima kwa kudhani ndiyo mbovu kumeua makundi mengi. Kabla ya kujaza, nakala ya data itolewe. Kujaza diski ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua kama saa 11, na saa hizo zote diski nyingine zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Zilinunuliwa siku moja na zimechoka pamoja. Ndio wakati ambao ya pili hupenda kufa.

Kadi ikifa, kumbukumbu ya mpangilio wa kundi kwa kawaida imeandikwa pia kwenye diski zenyewe. Kadi nyingine ya aina hiyo hiyo, au ya familia moja kutoka kwa mtengenezaji huyo huyo, huweza kuisoma na kulipokea kundi. Kadi ya mtengenezaji mwingine aghalabu haitaelewa. Hivyo jina na namba ya toleo la kadi viandikwe leo, kwenye karatasi, ibandikwe nje ya sanduku.

Betri ya kadi nayo izingatiwe. Kadi hupokea maandishi haraka katika kumbukumbu yake kabla ya kuyapeleka kwenye diski, na betri huyalinda umeme ukikatika. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha njia hiyo na kuandika moja kwa moja kwenye diski. Seva iliyokuwa nyepesi ikaanza kuwa nzito bila sababu huenda inaomba betri. Na baada ya umeme kukatika ghafla, seva isiachwe imezimwa kwa wiki nzima, kwa sababu kuna kadi ambazo betri zake hulinda maandishi hayo kwa siku chache tu.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. UPS si anasa hapa. Kazi yake ni kuipa seva dakika za kuzimwa kwa heshima.

RAID si akiba

Kadi ya RAID hulinda dhidi ya kufa kwa diski, basi. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, limefutwa kwenye diski zote kwa sekunde hiyo hiyo. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vitafunga zote. Mwizi hubeba sanduku zima. Moto hauchagui diski, na watu wa Budalang'i wanajua mto Nzoia unapovunja kingo zake maji huingia nyumba bila kubisha hodi.

Akiba haiozi, lakini iwe akiba kweli. Kanuni inayotumika duniani ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa duka dogo hii inaweza kuwa mashine yenyewe, diski ya nje inayochomekwa Ijumaa jioni na kuchomolewa kabla ya kufunga, na nakala nyingine mtandaoni au nyumbani. Diski ya nje inayobaki imechomekwa wiki nzima haina faida siku ya virusi. Na mara moja kila robo ya mwaka, faili moja lirudishwe kutoka kwenye akiba na kufunguliwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Kabla ya kuvuka mpaka

Kwa mkazi wa Busia, fundi wa karibu anaweza kuwa hatua mia mbili mbele, upande wa Uganda. Kwa kibodi au chaja, hilo ni jambo la kawaida. Kwa diski ya zahanati, chama cha akiba na mikopo au shule, ni jambo jingine. Humo mna majina, namba za vitambulisho na magonjwa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka masharti juu ya kupeleka data binafsi nje ya Kenya, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Sheria haiangalii kwamba diski ilibebwa kwa mguu.

Fundi yeyote, wa upande wowote, apewe diski kwa maandishi: namba ya utambulisho ya kila diski, tarehe, kazi iliyoombwa, na sharti kwamba asiandike chochote juu ya diski za asili. Diski mbovu zirudishwe kwa mwenyewe hata kama zimebadilishwa. Fundi anayekubali masharti hayo bila kununa ndiye wa kurudiwa.

Kwa sasa, kabla ya mvua nyingine, kila ofisi ifanye mambo matatu wiki hii. Iandike aina ya kadi, mpango wa RAID na namba za diski kwenye karatasi. Isikilize kama seva inapiga mlio, na iutafute sababu. Itoe nakala moja na kuipeleka mahali pengine. Kazi hiyo huchukua alasiri moja, na haihitaji fundi.